Mti unachua, hauyeyushi kitambi

Mteja mgeni akiona vifaa vyangu mezani, mara nyingi hucheka: "Dada, leo unanisukuma chapati?" Simlaumu. Kazi yangu ni maderoterapia, yaani kuchua mwili kwa vifaa vya mbao, ambako wengine huambiwa kunayeyusha mafuta. Kifaa chake kikuu ni mti wa duara wenye mishikio miwili, uliochongwa mifereji; mwingine una meno ya pembe nne kama gunzi la mahindi. Huduma hii ilienea kutoka Kolombia, na jina lake ni la Kihispania: madera ni mbao. Pia nina kikombe cha mbao ninachokifudikiza juu ya ngozi iliyopakwa mafuta, nikikiburuta kinavuta nyama kidogo, na kifaa cha umbo la uyoga cha kuchulia mabega.

Mti sianzi nao. Naanza kwa mikono mitupu: tumbo, kwapa, kinena, polepole. Huko ndiko ziliko tezi za limfu (majimaji ya mwilini yanayorudishwa kwenye damu), zile tezi ambazo zikivimba unasema una mtoki. Damu ina moyo wa kuisukuma, limfu haina. Inategemea misuli, pumzi na msukumo mwepesi hadi imwagike kwenye mishipa mikubwa ya damu nyuma ya mtulinga. Ndiyo maana pajani mti wangu hupanda kuelekea kinena.

Tukimaliza, futi kamba inaweza kuonyesha kiuno kimepungua sentimita moja au mbili, na hapo ndipo picha za "kabla na baada" hupigwa. Kilichopungua ni maji, na tumbo limelegea. Siku mbili baadaye utayakuta yamerudi. Mafuta hayapondeki kwa mti. Yamehifadhiwa ndani ya seli, na kilo 1 ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Hayatoki mpaka mwili uyatumie, na yakishatumika sehemu kubwa hutoka kwa pumzi. Vile vishimo vya mapajani navyo vinatokana na nyuzi zinazovuta ngozi kwa ndani. Baada ya kuchuliwa ngozi inajaa kidogo, vishimo vinafifia, halafu vinarudi.

Kuna dada alikuja kwangu mapaja yamevilia damu, meusi kama zambarau. Alikotoka aliambiwa hiyo ni dalili kwamba mafuta yanavunjika. Hapana, mama! Hivyo ni vimishipa vya damu vilivyopasuka. Ukiumia, sema, anayekuchua akikwambia uvumilie, shuka kitandani.

Kabla ya kugusa mtu nauliza: una mimba? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Umepasuliwa karibuni? Mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma, simchui hata akilia. Namwambia aende hospitali leo hii, maana huenda damu imeganda ndani. Mishipa iliyojitokeza miguuni naikwepa. Na waliojifungua kwa upasuaji, ambao bibi zao wanawahimiza wafunge mkaja na kukandwa, tumboni mti siupitishi mpaka daktari aruhusu.

Mteja wangu wa Ijumaa ni fundi cherehani. Anakuja futi kamba bado iko shingoni, anaivua, anaitundika kwenye msumari wa mlango pamoja na mtandio. Hajawahi kuniomba nimpime. Nampitishia uyoga mabegani, na kabla dakika ya kumi haijafika anakoroma.