Swali la Kuuliza ni Wigo wa Ithibati

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mfanyabiashara ambaye mnunuzi wake wa ng'ambo amekataa shehena, iweje cheti chake cha ISO 9001, kiwango cha mifumo ya usimamizi wa ubora, kitiliwe shaka ilhali "kimetolewa na ISO". ISO, shirika la kimataifa la viwango, haitoi vyeti. Huandika viwango tu. Vyeti hutolewa na mashirika mengine, na katika nchi nyingi karibu mtu yeyote anaweza kuanzisha shirika la namna hiyo.

Hapo ndipo ithibati inapohitajika. Shirika la ithibati, kama hili ninalofanyia kazi, likifuata kiwango cha ISO/IEC 17011, humkagua mtoa vyeti: hupitia majalada yake, hupima umahiri wa watu wake na huandamana nao kiwandani kuwatazama wakikagua. Mashirika ya ithibati nayo hukaguana yenyewe kwa yenyewe kabla ya kutia saini makubaliano ya kutambuana, na kwa sababu hiyo cheti cha bara moja huweza kuaminiwa katika bara jingine bila kazi kurudiwa.

Ninachochoka kukieleza ni wigo. Ithibati si cheo cha shirika zima, bali hutolewa kwa kazi zilizotajwa moja moja. Aliyeipata chini ya ISO/IEC 17021-1, kwa ajili ya mifumo ya usimamizi, hajaruhusiwa kwa hiyo kuthibitisha bidhaa, kazi inayofuata ISO/IEC 17065, wala kupima sampuli, ambako maabara hufuata ISO/IEC 17025. Hata katika mifumo yenyewe, ithibati ya ISO 9001 haihusu ISO 22000 ya usalama wa chakula, na ndani ya ISO 9001 mna sekta: anayekubalika kukagua ujenzi hakubaliki kwa sababu hiyo kukagua viwanda vya kemikali.

Nina mashaka yangu pia. Anayekaguliwa ndiye anayemlipa mkaguzi, na masharti ya kutopendelea, hata yakiwa makali namna gani, hayajauondoa ukweli huo. Tunapomtazama mkaguzi akiwa kazini, anajua kwamba tupo. Tena kutambuana kwetu hakumzuii mdhibiti wa nchi inayoagiza kudai vipimo vyake mwenyewe.

Cheti cha yule mfanyabiashara kilitoka kwa shirika lenye ithibati halisi, ila sekta yake haimo katika wigo wa shirika hilo. Nililiona jambo hilo kwa dakika chache katika orodha iliyo wazi kwa umma, orodha ileile ambayo mnunuzi alikuwa ameshaisoma.