Kifaa cha kubadilishana mawasiliano katika makongamano ya mashabiki ni nini?

Kifaa cha kubadilishana mawasiliano ni chombo kidogo cha kielektroniki ambacho watu wawili waliokutana ana kwa ana hukitumia kupeana majina, namba za simu au akaunti zao za mitandaoni bila kuandika wala kutamka chochote. Kinaweza kuwa kidoli cha kuning'iniza kwenye funguo, kadi, bangili, kibandiko kilichofichwa nyuma ya beji, au simu yenyewe. Kisichanganywe na beji ya kuingilia. Comic-Con ya San Diego, kongamano kubwa la mashabiki nchini Marekani ambalo hupokea watu zaidi ya 130,000, ilianza mwaka 2016 kutoa beji zenye chipu ambazo mgeni huzigusisha langoni. Beji hizo humtambulisha mgeni kwa waandaaji, wala hazimsaidii kujuana na mgeni mwenzake.

Haja ya kifaa cha namna hii inaonekana zaidi kwa mashabiki wa katuni na michezo ya video kuliko kwa wafanyabiashara. Ukumbini kuna kelele, na aliyevaa mavazi ya mhusika wake mara nyingi hana mfuko, tena mikono yake imo ndani ya glavu nene. Isitoshe, wengi wanafahamiana kwa majina ya mtandaoni yenye tahajia za ajabu, kiasi kwamba hata ukilisikia jina vizuri huwezi kulitafuta baadaye ukalipata.

Afrika Mashariki tuna njia yetu ya siku nyingi: "Nibipu nikusevu." Mmoja hutaja namba, mwenzake hupiga na kukata, na namba ya aliyepiga inabaki kwenye simu ya pili. Njia hii ni rahisi na haihitaji kifaa kingine, ila ina gharama moja, kwamba huwezi kubipu bila kutoa namba yako halisi. Kwa hiyo kila unapokutana na kifaa cha aina hii, swali la kuuliza ni moja: vyombo viwili vinapogusana, ni kitu gani hasa kinachohama?

Katika kompyuta ya mkononi ya Palm III, iliyotoka mwaka 1998, kilichohama kilikuwa mawasiliano yenyewe. Mwenye nayo alibonyeza kitufe cha kitabu cha anwani kwa kama sekunde mbili, akaielekeza kwa mwenzake, na kadi yake ikasafiri kwa miale ya infraredi. Mpokeaji aliulizwa kama anaikubali. Ilitosha, mradi wote wawili wawe na kifaa kinachoielewa miale hiyo.

Poken, iliyoanza kuenea mwaka 2009 kutoka Uswisi, ilikwenda njia nyingine kabisa. Ilikuwa kidoli chenye kiganja cha vidole vinne, na watu wawili waligusanisha viganja vya vidoli vyao mpaka taa ya kijani ikawaka. Hapo hakuna jina wala namba ya simu iliyokuwa imepita. Kilichopita ni namba ya utambulisho tu. Mtu akifika nyumbani alikitoa kidoli sehemu yake ya USB, akaichomeka kwenye kompyuta, na tovuti ya kampuni ikamwonyesha aliokutana nao. Uzuri wake ni kwamba ukibadilisha namba ya simu unairekebisha mahali pamoja, na wote mliogusana wanaiona mpya. Ubaya wake uko papo hapo, kwa sababu siku tovuti ikifungwa, ulichobaki nacho ni pambo la funguo.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Programu ya Bump iliwawezesha watu kugonganisha simu zao. Kila simu ilituma kwenye seva taarifa za mtikisiko, muda na mahali, na seva ikakisia ni simu zipi mbili zilizogongana. Google iliinunua mwaka 2013, na mwishoni mwa Januari 2014 huduma ikazimwa. Simu zilikuwa nzima na watu walikuwa walewale, lakini kugonganisha hakukuleta tena kitu.

Mfano ninaouona kuwa na busara kuliko yote haukukusudiwa hata kidogo kuwa kadi ya mawasiliano. Nintendo 3DS, mashine ya mkononi ya michezo ya video ya mwaka 2011, ilikuwa na huduma iitwayo StreetPass: mashine mbili zikipita karibu, hata zikiwa zimefungwa ndani ya begi, zilipeana kikaragosi cha mwenye mashine pamoja na salamu fupi, na taa ya kijani ikawaka. Vikaragosi 10 tu ndivyo vilivyoweza kusubiri kupokelewa ndani ya mashine kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu kwenye makongamano uliwaona watu wakisimama kila baada ya dakika chache, wanafungua mashine, wanawapokea wageni wao, kisha wanaifunga na kuendelea kutembea. Urafiki wenyewe ulihitaji kila upande kuingiza namba ya tarakimu 12 ya mwenzake. Mashine ilitoa salamu, na uamuzi wa kufahamiana zaidi ukabaki kwa watu.

Siku hizi kinachotumika zaidi ni chipu ya NFC, yaani mawasiliano ya redio ya masafa mafupi sana. Haina betri, hupata nguvu kutoka kwenye simu inayosogezwa karibu, kwa umbali usiozidi takriban sentimita 4. Aina iliyozoeleka, NTAG213, ina nafasi ya baiti 144. Jina, namba moja ya simu na anwani fupi ya barua pepe katika mpangilio wa vCard, ambao simu huutambua kama kadi ya mawasiliano, vinaenea humo, lakini picha haiwezi kuingia. Kwa sababu hiyo wauzaji wengi wa kadi hizi huandika ndani yake linki ya ukurasa wao tu, na hapo tumerudi kwenye mtego uleule wa Poken. Kama unaweza, andika mawasiliano yenyewe, au linki ya akaunti unayoimiliki wewe. Kisha ifunge chipu isiandikwe upya, kwa kuwa iliyoachwa wazi inaweza kubadilishwa na yeyote mwenye simu, ingawa ukishaifunga hutaweza kuifungua tena. Usiibandike juu ya chuma, kwa maana chipu ya kawaida haisomeki hapo.

Pembeni yake inafaa kuchapwa msimbo wa QR, uvumbuzi wa Denso Wave ya Japani wa mwaka 1994 uliotengenezwa kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. iPhone zilianza kusoma chipu bila kufunguliwa programu mwaka 2018 tu, na zipo simu nyingi zisizo na NFC kabisa, lakini kamera kila simu janja inayo.

Mwaka 2023 Apple ilileta NameDrop, ambapo simu mbili zikikutanishwa vichwa hupeana namba. Baadhi ya idara za polisi nchini Marekani ziliwaonya wananchi kwamba taarifa zao zingeweza kuchukuliwa na wapita njia. Kwa kweli hakuna kinachotoka kabla mwenye simu hajakubali. Onyo lile lingeifaa zaidi chipu, ambayo haiulizi mtu: simu yoyote yenye NFC itakayoisogelea inaweza kuisoma, uwe umeona au hukuona, na kwenye foleni watu wamebanana. Kwa hiyo kwenye beji ya kifuani andika jina lako la ushabiki na akaunti ya shughuli hizo tu, na namba ya simu umwachie yule utakayemwambia mwenyewe akubipu.