Homa siku ya tatu na bado unameza panadol? Maswali ya Ebola ninayoulizwa kila siku

Nafanya kazi kwenye kituo cha afya upande wa Kasese, si mbali na Mpondwe, mpaka wa kuingia Kongo. Haya maswali nayasikia kwa wamama wa sokoni, watu wa boda, hata kwa ndugu zangu nyumbani. Nitajibu vile ninavyojibu pale kwenye benchi.

Ebola ni nini?

Ni kirusi kinachopita kwenye majimaji ya mwili: damu, matapishi, kuhara, jasho, shahawa. Ukikipata, dalili zinatokea kati ya siku 2 na 21. Hapa Uganda iliyotusumbua zaidi ni aina ya Sudan: Gulu 2000, Mubende na Kassanda 2022, Kampala 2025. Hii yetu ya Kasese 2019 ilikuwa aina ya Zaire, ilivuka kutoka Kongo. Inatosha hapo.

Sista, si ni malaria tu?

Mara nyingi ndiyo, ni malaria, na shida yote iko hapo! Ebola inaanza vilevile, homa, kichwa, viungo, mwili kuchoka. Watu wanasubiri damu itoke puani ndio waamini, na wengi hawatoki damu kabisa. Sasa mtu siku ya kwanza anameza panadol, ya pili ananunua dawa ya malaria dukani bila kupimwa, ya tatu anatundikiwa dripu kliniki, ya nne anahamia kliniki nyingine ati ile ya kwanza dripu yao ilikuwa hafifu, tunakuja kumwona siku ya saba amebebwa kwa blanketi, na huko nyuma kote ameacha manasi waliomchoma sindano bila glavu. Malaria tunapima kwa tone la damu la kidoleni, haifiki nusu saa, kituo cha serikali hulipi. Njoo siku ya kwanza. Na hata kipimo kikisema ni malaria, homa isiposhuka na dawa, rudi.

Imeanza jana jioni, nisubiri kidogo nione?

Hapana.

Mpaka Jumatatu tu, nimalize soko?

Nimesema hapana. Ebola ikiwahiwa tunakupa maji, chumvi za mwili, tunashusha homa, tunatibu na mengine yaliyojificha, na watu wanapona wanatembea kwa miguu yao. Ukija figo zimeshachoka unataka nikufanyie nini?

Nyumba moja wamekufa watatu wakifuatana, hiyo si kurogwa?

Nani alimlisha wa kwanza? Nani alifua shuka zake, nani aliosha maiti? Kumbe ndio hao hao. Maiti ya Ebola imejaa virusi kuliko hata mgonjwa mwenyewe, msiiguse, iteni timu ya mazishi, watazika kwa heshima na sala zenu mtasali. Na kwa mganga wa kienyeji mnapoteza siku, halafu na mganga mwenyewe anaambukizwa. 2022 serikali ilifika kuwakataza waganga kutibu wagonjwa, haikuwa chuki na mila.

Nikitaja niliokaa nao si mtawafungia wote?

Tunawafuatilia siku 21, tunawapima joto. Asiye na dalili haambukizi mtu. Lakini orodha ya majina hayo ina kazi zaidi ya hapo, kwa sababu chanjo nayo inafuata orodha. Aina ya Zaire ina chanjo iliyoidhinishwa, ile ya Sudan ilikuwa bado haina, ikabidi ifanyiwe majaribio wakati wa mlipuko wenyewe. 2022 dozi za majaribio zilifika Desemba, wagonjwa wameshaisha, hakuna tena wa kuchanjwa. 2025 mlipuko ulitangazwa tarehe 30 Januari, na tarehe 3 Februari majaribio yaliyopewa jina Tokomeza yakaanza Kampala. Siku nne! Dozi zilikuwa tayari nchini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wa UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe, walikuwa wameshajipanga. Wanaochanjwa ni waliogusana na mgonjwa na waliogusana na hao. Kwa hiyo ukilificha jina la shemeji yako ati unamwonea huruma, umemtoa kwenye mstari wa chanjo, huruma gani hiyo?

Kipimo kikirudi hakuna kitu, naenda zangu?

Kama tulikuchukua damu kabla dalili hazijatimiza siku tatu, tunarudia. Usituruke ukuta usiku. Wapo waliojaribu.

Mgonjwa anatapika, nimlete na boda?

Nimeona mtu mgonjwa amebanwa katikati, mbele dereva, nyuma kaka yake anamshika kiuno, anawatapikia wote wawili. Usimpakie. Mwache chumba chake, amhudumie mtu mmoja tu, piga simu bure 0800 100 066 au mwambie VHT, yule mhudumu wa afya wa kijiji chenu, gari itakuja. Ikichelewa piga tena, mimi mwenyewe huwa napiga mara tatu.