Herufi Nene za Mabango: Ni Fonti za Namna Gani?

Herufi nene za mabango ni aina ya fonti ambayo mistari yake ya wima imenenepeshwa kupita kiasi, huku mistari ya mlalo na vijimstari vya kumalizia herufi vikibaki vyembamba kama uzi. Si kila fonti nzito huingia katika kundi hili. Ukikoza maandishi katika programu ya kuandikia, kwa kawaida mistari yote ya herufi huongezeka unene. Hapa huongezeka ule wa wima tu na ule wa mlalo huachwa ulivyo, na mvuto wote hutokana na tofauti hiyo. Itazame herufi "o": mbavu zake mbili zimejaa wino, juu na chini pameunganishwa na mstari usioonekana kwa mbali, na tundu la katikati limebanwa hadi likawa mwanya uliosimama wima.

Tofauti kali ya unene ilikwisha kuwapo mwishoni mwa karne ya 18, katika vitabu vya Giambattista Bodoni wa Parma, Italia, na vya familia ya Didot ya Paris. Waliozidisha unene huo ni wachongaji herufi wa London mwanzoni mwa karne ya 19, ambao miongoni mwao hutajwa sana Robert Thorne. Wafanyabiashara na waendeshaji wa bahati nasibu walitaka mabango yatakayomsimamisha mpita njia, na herufi za vitabu hazikuweza kazi hiyo. Mtindo huo ulifufuliwa miaka ya 1920 kwa fonti kama Poster Bodoni, na leo fonti ya kundi hilihili iitwayo Abril Fatface hupatikana bure mtandaoni.

Mahali pa aina hii ya fonti ni kwenye vichwa vya habari, majalada ya majarida, mabango na lebo za bidhaa. Kuipangia aya nzima ni kumtesa msomaji. Katika maandishi madogo mistari myembamba hukatika, na maandishi meupe yakiwekwa juu ya weusi, wino hutambaa na kuimeza. Kwenye fulana zinazochapwa kwa skrini, yaani kwa kusukuma wino kupitia kitambaa cha wavu, hali huwa mbaya zaidi, kwa hiyo ni lazima kujaribu chapa moja kabla ya kuchapa zote.

Kwa anayesanifu kwa Kiswahili kuna jambo jingine, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Lugha yetu ina "m" na "w" nyingi, na hizo ndizo herufi pana kuliko zote: "m" ndogo peke yake ina nguzo tatu nene, na "w" inayoifuata huongeza mistari miwili minene ya mshazari. Neno kama "mwenyekiti" huanza na rundo zito la weusi, kisha "i", "t" na "i" za mwishoni huonekana zimepwaya. Msanifu makini huirekebisha nafasi kati ya herufi kwa mkono, jozi moja baada ya nyingine, na kitenzi kirefu kama "wamewasimamisha" hukihamishia kwenye fonti nyembamba ya kawaida, akibakiza unene kwa neno moja fupi.