Kulitudi si ukuli, wala si kurudi India

Mara ya kwanza niliposikia kulitudi ikitafsiriwa "ukuli", nilinyamaza. Mara ya pili nikajisemea labda mtu ameteleza ulimi. Mara ya tatu, kwenye semina moja ya sanaa, mtoa mada alituonyesha picha ya pazia kubwa lililofumwa kwa sari kuukuu, akatamka bila wasiwasi: "Hii ndiyo sanaa ya ukuli, yaani Wahindi wa ng'ambo wanaorudi India kupitia sanaa." Watu wakainama kuandika. Mama aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Ukuli si ule wa bandarini?" Swali lake lilikuwa na akili kuliko slaidi nzima.

Maana tuimalize upesi. Kulitudi ni dhana iliyoanzishwa na Khal Torabully, mshairi wa Morisi, mwaka 1992. Alilichukua neno "kuli", walilotukaniwa vibarua wa Kihindi waliopelekwa mashambani ng'ambo pamoja na watoto na wajukuu wao, akaligeuza kuwa jina la kujitambulia. Kabla yake washairi kina Césaire wa Martinique na Senghor wa Senegal walikwisha kulifanyia vivyo hivyo neno la kuwadharau watu weusi, tukapata negritudi. Basi, ndiyo hiyo. Utamu uko kwenye neno lenyewe.

Kwetu kuli ni mchukuzi wa bandarini. Shafi Adam Shafi aliliweka neno hilo peke yake juu ya jalada la riwaya yake ya mwaka 1979, na hatukusikia mtu akilalamika kwamba kabila lake limetukanwa. Ni kazi. Leo mtu ni kuli, kesho ana ngalawa yake anavua.

Asili yake inabishaniwa. Wako wanaolipeleka Gujarat, kwa jamii ya Wakoli. Wako wanaolipeleka kusini kwenye Kitamil, ambako neno kama hilo lina maana ya ujira wa kutwa. Mimi nauelemea upande wa Kitamil, kwa sababu unaonyesha wizi ulivyofanyika: neno lilianza likiwa ujira, likawa mtu anayelipwa ujira, mwishowe likawa kabila. Wareno walilibeba, Waingereza wakalisambaza kwenye madaftari yao. Uingereza ilipoufuta utumwa katika makoloni yake, wenye mashamba ya miwa walitaka mikono mingine, wakaichukua India: Morisi kuanzia 1834, Guyana 1838, Trinidad 1845, Natal ya Afrika Kusini 1860, Fiji 1879. Zaidi ya watu milioni moja walisafirishwa hivyo hadi uandikishaji ulipositishwa mwaka 1917. Mkataba kwa kawaida ulikuwa wa miaka mitano, na wao waliuita "girmit", wakilitamka kwa ulimi wao neno la Kiingereza la makubaliano. Mkataba uliisha, lakini neno halikuisha. Huko Guyana, Trinidad na Afrika Kusini mjukuu aliweza kuwa mwalimu au wakili, na bado mtu akikasirika alimwita kuli. Kwa hiyo ukitafsiri kulitudi kwa "ukuli", unamrudisha wakili huyo kubeba magunia.

Lakini kosa hilo nalisamehe. Linaloniudhi ni hilo la "kurudi India".

Torabully hakusema turudi popote. Alichokiweka katikati ni safari ya baharini, si nchi iliyoachwa. Chukua hati ya msafiri wa wakati ule: jina, jina la baba, umri, tabaka la kuzaliwa, kijiji, urefu, alama ya mwilini kama vile kovu, kisha jina la meli. Kwa wajukuu wengi hiyo ndiyo karatasi ya zamani kuliko zote walizo nazo. Juu yake hakuna shairi wala wimbo wa nyanya, ila kovu tu na meli. Tena kwa imani ya wengi waliopanda, kuyavuka "maji meusi", kalapani, kulimpotezea mtu tabaka lake. Mle melini wa tabaka la juu na wa chini walikula pamoja, Mwislamu na Mhindu wakalala pamoja, na waliposhuka waliitana "jahaji bhai".

Soma tena: jahaji. Ni jahazi lilelile letu. Ndugu wa jahazi! Udugu huo haukutoka kijijini, ulizaliwa majini, na katika baadhi ya familia ulishikwa kwa uzito wa udugu wa damu. Ndiyo maana Torabully, badala ya kuzungumzia mizizi, alizungumzia matumbawe: kiumbe kinachojengeka tabaka juu ya tabaka katikati ya mikondo ya bahari. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa hilo, nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe hayo.

Sasa lile pazia. Ni mtindo wa msanii Suchitra Mattai, aliyezaliwa Guyana na anayefanya kazi Marekani. Hukusanya sari zilizokwisha kuvaliwa, akazisokota na kuzifuma pamoja mpaka huwezi kusema ipi ilikuwa ya nani. Kushona na kudarizi alifundishwa na bibi zake. Kitambaa kilichonunuliwa dukani kingekuwa na rangi hizo hizo, ila kisingekuwa na jasho la mtu. Mwenye kanga ya marehemu mama yake sandukuni ananielewa. Sari za wasiojuana zinabanana kwenye pazia moja kama watu walivyobanana melini. India iko mle, sikatai, ila ni kama uzi.

Na tusiwabebeshe kulitudi Wahindi wote wa kwetu. Wapo waliokuja kwa mkataba kujenga reli ya Uganda, takriban 32,000 kati ya 1896 na 1901, lakini wengi wao walirudi makwao. Wenye maduka wa Kisutu na Mombasa, kwa sehemu kubwa, babu zao walikata nauli wenyewe. Zarina Bhimji, msanii mzaliwa wa Mbarara, Uganda, katika filamu yake ya 2002 alipiga picha kuta na vyumba vitupu vya Uganda baada ya Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Hilo ni jeraha jingine, la mtu aliyetolewa nyumbani kwake, na nyumbani kwenyewe ni Uganda.

Mtoa mada wetu ni mtu mwema, na picha alichagua nzuri. Siku akiirudia slaidi ile, aache "kulitudi" kama lilivyo, na pale alipoandika "wanaorudi India" aandike "wajukuu wa jahazi". Yule mama ataelewa bila kuniuliza.