Kumwagilia okidi nyumbani: tazama mzizi, acha kalenda

Okidi nyingi zinazofia sebuleni hufa kwa kukosa hewa mizizini, huku mwenyewe akiamini zina kiu. Majani yanalegea na kufanya makunyanzi, anaongeza maji. Yanalegea zaidi, anaongeza tena. Mwisho mmea unang'oka kwa kuvutwa na vidole viwili tu. Hapa nazungumzia hasa Phalaenopsis, ile yenye majani mapana manene na bua refu la maua meupe au ya zambarau, maana ndiyo watu wengi huanza nayo. Aina nyingine nitazigusa mwishoni.

Asili ya Phalaenopsis ni Asia, hasa misitu ya kusini-mashariki, Ufilipino na Indonesia zikiwemo. Huko haioti ardhini. Hushika gome la mti mizizi ikiwa nje, ikaloa mvua inaponyesha na kukauka upepo unapopita. Kila mzizi umevikwa tabaka nene la seli zilizokufa, linaloitwa velameni, linalofyonza maji kama sifongo katika muda wa dakika chache. Likiwa kavu limejaa hewa, na mzizi huonekana mweupe wa rangi ya fedha. Likishiba maji hupenyeza mwanga, na ukijani ulio chini yake ukajitokeza. Kipimo chako ni hiyo rangi.

Velameni iliyojaa maji haipitishi hewa vizuri, na seli hai zilizo ndani yake zinahitaji oksijeni. Mzizi ukikaa umelowa siku nyingi mfululizo, seli hizo hufa, kisha kuvu na bakteria hula kilichobaki. Mzizi uliokufa haunyonyi chochote hata ukizamishwa, ndiyo maana jani linakunjamana kwa kiu wakati chungu kimejaa maji. Kwa hiyo ukiona makunyanzi usikimbilie kopo la maji. Kwanza ushike mzizi. Mzizi hai ni mgumu ukiuminya, hata ukiwa na madoa ya kahawia. Uliooza hubonyea, hutoa maji, na ganda lake huteleza na kukuachia uzi mwembamba mkononi.

Ili uone haya yote bila kusumbua mmea, uweke kwenye chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye matundu mengi chini na ubavuni. Mizizi iliyogusana na ukuta wa chungu ikiwa bado ya kijani, subiri. Ikiwa imekuwa ya fedha mpaka karibu na chini, na matone ya mvuke yametoweka kwenye plastiki, mwagilia. Usihukumu kwa mizizi ya juu wala ile inayoning'inia nje, hiyo hukauka ndani ya saa chache wakati katikati ya chungu bado ni chepechepe. Kama chungu chako hakionyeshi ndani, chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke katikati mpaka karibu na chini, kiache dakika 10, kisha ukitoe na ukiguse mdomoni au shavuni. Kikiwa na ubaridi wa unyevu, acha siku mbili zaidi. Uzito nao husema kweli: nyanyua chungu mara tu baada ya kumwagilia na kuchuja, mkono ukariri, halafu ukinyanyue tena kila unapopita. Baada ya wiki chache hutahitaji kijiti.

Ukifika wakati wa kumwagilia, fanya asubuhi. Phalaenopsis hufungua vitundu vya majani yake usiku zaidi kuliko mchana, na unyevu unaobaki juu ya majani mpaka giza huwapa bakteria nafasi. Toa chungu cha ndani kwenye chungu cha mapambo, kipeleke kwenye sinki au bafuni, na umimine maji ya joto la kawaida la chumba polepole kuzunguka uso wote, yakitokea chini kwa wingi. Kwa chungu cha sentimita 12, lita 1 mpaka lita 1 na nusu si nyingi. Kipimo hicho kinawashtua watu walioambiwa okidi inataka "maji kidogo". Maji mengi yanayopita na kuondoka hayana madhara. Yanaosha chumvi na kuvuta hewa mpya nyuma yake. Yanayoua ni yale yanayobaki. Ukimaliza, acha chungu kichuje dakika 15 kikiwa kimeinama kidogo, kisha ukirudishe mahali pake.

Kama gome, yaani vipande vya gome la mti vinavyojazwa chunguni badala ya udongo, limekauka sana maji huteleza juu yake bila kuingia. Hapo loweka: weka chungu kwenye beseni, maji yafike chini kidogo ya usawa wa gome, dakika 10 hadi 15, halafu chuja vilevile. Usiloweke okidi mbili kwenye maji yaleyale. Virusi na bakteria wa kuozesha husafiri kwa maji hayo kutoka mmea mgonjwa kwenda mzima, na virusi vya okidi havina dawa.

Chungu cha mapambo kisicho na tundu ndicho ninachokilaumu kwa vifo vingi kuliko kitu kingine chochote. Maji yanatuama chini yake, huyaoni, mizizi inaogelea. Kagua kila baada ya kumwagilia na umwage. Ukiweza, tia kokoto au kizibo chini ili chungu cha ndani kisiguse sakafu yake.

Kuna mtego mwingine ndani ya okidi zinazotoka kwenye vitalu vikubwa vya nje. Katikati ya mizizi mara nyingi huwa na kitufe cha mosi (mimea midogo laini inayoshika maji kama sifongo) au peti (mabaki ya mimea yaliyooza) kilichotumika kuoteshea mche. Gome la pembeni linakauka, kitufe kinabaki kimelowa, na mizizi ya moyoni inaoza huku ya ukutani ikionekana safi. Kijiti cha mshikaki kikitoka kimelowa katikati pekee, umekipata. Subiri maua yaishe, toa mmea, bomoa kitufe hicho taratibu kwa vidole chini ya maji yanayotiririka, na upande upya.

Unapopanda unaamua pia utamwagilia mara ngapi. Gome la msonobari lenye vipande vya sentimita 1 hadi 2 ndilo rahisi kulizoea. Mosi mtupu hushika maji muda mrefu mno kwa mtu mwenye mkono mwepesi wa maji. Pwani wengi hutumia mkaa na makumbi ya nazi. Mkaa hukauka haraka na hauozi, ila hukusanya chumvi, hivyo uoshe kwa maji mengi kila mara. Makumbi ni mazuri, lakini yana chumvi nyingi, hasa yaliyolowekwa baharini. Yakate vipande, yaloweke kwenye maji baridi siku mbili au tatu ukibadilisha maji kila siku, ndipo uyatumie. Gome na makumbi huoza baada ya miaka miwili hivi, yakawa unga unaoziba nafasi za hewa. Mtu anaona ratiba yake ileile iliyofaa mwaka jana inaua mmea mwaka huu, kumbe chungu ndicho kilichobadilika.

Kuhusu siku, naweza kutoa makisio tu, na uyapime kwa mzizi. Phalaenopsis kwenye gome, chungu cha sentimita 12, Dar es Salaam wakati wa joto la kaskazi: kila siku 4 hadi 6. Wakati wa masika hewa ikiwa nzito, siku 7 au zaidi. Nairobi mwezi Julai, mawingu na ubaridi, inaweza kufika siku 10 hadi 12, na Februari kwenye jua kavu ikarudi siku 6 au 7. Chumba chenye kiyoyozi hukausha haraka kuliko veranda ya jirani, kwa hiyo usinakili ratiba ya mtu.

Maji bora ni ya mvua, yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza. Maji ya bomba ya kawaida yanafaa. Ninayoyaogopa ni ya kisima chenye chumvi, ambayo Pwani ni mengi: ukionja ukasikia magadi au chumvi, usiyape okidi. Dalili ya chumvi ni ukoko mweupe juu ya gome na kwenye ukingo wa chungu, ikifuatiwa na ncha za mizizi, zile za kijani kibichi zinazong'aa, kuwa nyeusi na kusimama kukua. Hapo suuza chungu mara tatu kwa maji ya mvua, ukiacha dakika chache kati ya suuza moja na nyingine.

Mbolea huenda pamoja na maji. NPK 20-20-20 ya kuyeyushwa, inayopatikana maduka ya pembejeo, tumia nusu gramu kwa lita moja, yaani kama nusu kijiko cha chai kwa ndoo ya lita 5. Lowesha mizizi kwanza kwa maji matupu, kisha mimina mbolea. Mzizi mkavu huungua. Fanya hivyo mara tatu mfululizo, ya nne iwe maji matupu mengi. Mmea mgonjwa usiupe mbolea kabisa.

Kuhusu kumwagilia kwa kuweka vipande vya barafu juu ya gome, jambo ambalo watu hubishana sana: utafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na cha Georgia, vya Marekani, uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba vipande vitatu kwa wiki havikuidhuru Phalaenopsis iliyo kwenye gome. Nauamini. Barafu inafaa kwa sababu ni kipimo kidogo kisichobadilika, kinachomzuia mtu kufurika. Lakini haisuuzi chumvi, na kwa mmea wa kukaa nao miaka mingi bado napendelea sinki.

Maji yakiingia katikati ya majani, pale jani jipya linapochipukia, yakaushe kwa pembe ya tishu. Phalaenopsis ina moyo mmoja tu. Ukioza, mmea hausongi mbele, labda kichipukizi kitokee pembeni. Kunyunyizia majani kwa chupa hakuchukui nafasi ya kumwagilia, na mizizi inayotoka nje ya chungu usiikate wala kuisukuma ndani. Matumba yakianguka kabla ya kufunguka, angalia kama umeuacha mmea ukakauka kupita kiasi, na pia kama umeuweka karibu na ndizi zinazoiva, kwa sababu gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda huyaangusha.

Ukikuta mizizi imeoza, toa mmea, osha, kata kila kinachobonyea kwa mkasi uliopitishwa kwenye moto au spiriti, uache ukauke kivulini siku moja, kisha upande kwenye gome jipya na chungu kidogo kinachotosha mizizi iliyobaki. Kata na bua la maua. Mwagilia kwa uangalifu uleule, na ufunike kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa ili majani yasipoteze maji huku mizizi mipya ikitafutwa.

Aina nyingine hazifuati haya yote. Vanda yenye mizizi mitupu inayoning'inia inataka kuloweshwa kila siku mpaka mizizi yote igeuke kijani, na mara mbili kwa siku kukiwa na joto kavu. Dendrobium za kundi la nobile zikimaliza kukuza mashina, zipunguzie maji sana kwa miezi miwili au mitatu ya baridi, la sivyo zinatoa vichipukizi badala ya maua. Ansellia africana, okidi yetu ya maua ya njano yenye madoadoa ya kahawia, inayoota juu ya miti ya nyanda za joto, nayo hutaka kiangazi chake. Nunua iliyooteshwa kitaluni, usiing'oe porini. Mashina yake manene yana akiba ya maji: ipe maji mengi inapochipua, na yakishakomaa iache ikauke kabisa kati ya mmwagilio mmoja na mwingine, wiki mbili hata tatu, mpaka mashina yaanze kuonyesha mifereji myembamba.