Mbwa wa shamba na mbwa wa msitu: sheria inapowatenganisha

Mahindi yakianza kubeba, malalamiko huongezeka katika vijiji vilivyo chini ya milima ya Udzungwa, upande wa Bonde la Kilombero. Msimu huu yamezidi, nayo ni ya namna mbili. Kuna mkulima anayesema nguruwe pori wamemaliza shamba lake usiku mmoja na bwana nyama haonekani. Na kuna mzazi anayelalamika kwamba mwanawe kakamatwa porini akiwa na mbwa tu, bunduki hana. Lalamiko la kwanza tunalikubali, maana vijiji ni vingi na sisi maafisa wanyamapori ni wachache. Naandika kwa sababu ya hilo la pili.

Mbwa si "tu". Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kama ile ya 1974 iliyoitangulia, inamtaja mbwa kwa jina miongoni mwa njia zilizokatazwa za kuwinda, pamoja na sumu, nyavu, mitego, mashimo na moto. Anayetaka kuwinda kwa mbwa anatakiwa awe na idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori, na awe nayo mkononi kabla hajatoka nyumbani. Ruhusa ya mdomo ya mwenyekiti wa kitongoji si idhini. Kusema "mbwa ndiye aliyekamata, mimi nilimfuata tu" nako hakumwondolei mtu kosa, na naomba tuache kufundishana maneno hayo vijiweni, kwa sababu vijana wanayaamini na wanakwenda kuyasema mahakamani.

Mtu akikutwa na nyama, mambo huenda hivi. Nyama, ngozi, pembe, jino hata kucha ni nyara za Serikali. Afisa wanyamapori anaitambua nyara na kuandika hati ya tathmini. Hapa ndipo wengi wanaposhtuka: thamani haihesabiwi kwa kilo. Ukikutwa na paja moja, unahesabiwa mnyama mzima, kwa sababu huwezi kupata paja bila mnyama kufa. Na kwa kuwa nyama huoza, inapelekwa mbele ya hakimu ili aamuru iteketezwe. Mtuhumiwa lazima awepo, asikilizwe, na orodha iandikwe. Orodha hiyo ndiyo inayotumika baadaye kama ushahidi. Mashtaka ya nyara huangukia kwenye uhujumu uchumi, na kwa mujibu wa kifungu cha 86 cha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori adhabu, kulingana na thamani, inaweza kufika kifungo cha miaka 20 hadi 30. Nimeona mama akipokea habari hiyo kwenye korido ya mahakama akiwa bado ameshika chupa ya chai aliyomletea mwanawe.

Lakini hata pasingekuwa na kifungo, ningeandika haya.

Katika doria moja ya pamoja tulisikia mbwa wakibweka mahali pamoja, bila kusogea. Tulipofika kwenye kijito tukakuta mbwa watatu, mmoja na kamba ya katani shingoni, wamemzingira minde, yule paa wa msituni. Alikuwa amesimama ndani ya maji, mgongo ukiwa kwenye jiwe, kishungi chekundu cha kichwani kimelowa, paja la nyuma limechanika. Mwenye mbwa alikuwa mtu mzima, wa umri wa baba yangu. Akaniambia, "Bwana nyama, mwanangu, mimi nilikuwa nafuata nguruwe. Wameniharibia mahindi." Nilimwamini, na bado namwamini. Ila mbwa hajui nguruwe ni yupi na minde ni yupi. Akishaachiwa msituni anafuata harufu iliyo mbele yake: leo nguruwe, kesho funo, keshokutwa minde, ambaye duniani kote anapatikana Tanzania peke yake, katika misitu michache ya milimani, na yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Kuna na magonjwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na virusi vyake vinahusishwa na mbwa wa vijijini. Sisi huku tunapakana na mfumo wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere na Pori la Akiba la Selous, moja ya ngome kubwa za mbwa mwitu zilizobaki Afrika. Mbwa asiyechanjwa anayelala msituni siku mbili anaweza kupeleka ugonjwa huko, au kurudi na kichaa cha mbwa nyumbani kwako. Aliyeng'atwa asipakwe majani wala mafuta. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano. Dalili zikishajitokeza, hakuna dawa.

Hatumkatazi mtu kufuga mbwa. Mbwa anayelala kwenye dungu na mwenye shamba, akabweka usiku na kuwafukuza nguruwe, ni msaada mkubwa na hana kosa lolote. Tatizo linaanza mnapovuka mpaka wa shamba kuwafuata. Sheria inakuruhusu hata kumuua mnyama katika kulinda uhai au mali, mradi hukumchokoza, na ukishamuua utoe taarifa mapema kwa afisa wanyamapori au ofisi ya kijiji. Mzoga huo ni mali ya Serikali. Usichune, usigawe majirani, hata kama ni nguruwe aliyefia katikati ya mahindi yako, najua inauma. Mwenye hamu ya nyamapori anunue kwenye bucha lililosajiliwa chini ya kanuni za mwaka 2020, na aitunze risiti, maana ndiyo itakayomtetea akiulizwa njiani.

Maafisa mifugo wakipita kuchanja, mlete kila mbwa aliyefikisha miezi mitatu, akiwa amefungwa kamba na ameshikwa na mtu mzima anayemjua. Tafadhali msiwatume watoto. Kadi ya chanjo iwekwe mahali pakavu, kwa sababu mbwa atarudishwa kwa chanjo nyingine mwakani na kadi hiyo itahitajika.